Mtani wa Kuteuliwa

Hapo zamani ambazo si za kale sana, palikuwa na nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe mpaka ikachoka. Jina lake sitalitaja. Siyo kwamba naogopa, ila wakati huo jina lenyewe lilikuwa bado mezani kwa Tume ya Kutafuta Jina, na wajumbe wake walikuwa ng'ambo wakijifunza wenzetu wanaitwaje. Upande mmoja waliishi watu wa Mlimani, upande wa pili watu wa Bondeni. Vita vilianza kwa sababu kiti cha Rais kiliwekwa kikitazama mlima, na watu wa Bondeni wakasema wamegeuziwa mgongo. Kiti kikageuzwa, na watu wa Mlimani nao wakasema hivyo hivyo. Mwishowe kiti kiliungua pamoja na Ikulu, lakini watu waliendelea kupigana miaka mingine mingi kwa kuwa walikuwa wameshazoea.

Amani ilipokuja, wakubwa walikaa hotelini muda mrefu wakitafuta dawa ya kuliunga taifa. Walijaribu wimbo mpya, kila upande ukaimba beti zake tu. Walijaribu mechi ya kirafiki, na majeruhi wake ikabidi wajumlishwe kwenye wale wa vita. Ndipo mjumbe mmoja, akiwa ameshiba vizuri, akakumbuka utani.

Katika nchi ile, makabila yaliyopigana enzi za mababu yalikuwa watani. Mtani anakutukana na wewe hukasiriki. Anaingia uani kwako akabeba jogoo, nawe unamsindikiza. Siku ya msiba ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayemsema marehemu kwa uchoyo wake na matege yake, mpaka wafiwa wanacheka na kupata nguvu ya kumeza uji. Wajumbe wakagonga meza kwa furaha. Kama waliopigana zamani leo wanataniana, wakasema, basi sisi tuliopigana majuzi tutaanza kutaniana Jumatatu. Hakuna aliyeuliza mababu walisubiri muda gani kabla ya kuanza kucheka.

Ikatungwa Sheria ya Utani wa Taifa. Kila raia atapewa mtani kutoka upande wa pili. Jambo lililosemwa kwa utani halitapelekwa mahakamani. Kuingilia utani unaoendelea ni kosa la jinai. Anayetaniwa sharti acheke, na ili kumsaidia, kila wilaya iliajiri Afisa Utani mwenye bendera ya njano. Bendera ikipanda watu wanacheka, ikishuka wananyamaza.

Makamanda ndio waliokuwa wa kwanza kuielewa sheria. Jumanne asubuhi mmoja wao alipanda juu ya meza sokoni akasema, "Jamani watani zangu! Lile ghala lenu la mahindi ni mimi niliyelichoma! Tena nilikula bisi!" Bendera ikapanda na watu wakacheka. Kesho yake mwingine akatania kuhusu kisima na waliotupwa humo. Mwingine akatania kuhusu shule. Mwezi ulipoisha makamanda wote walikuwa wametania na kuchekewa, hakuna aliyekuwa na doa, na majaji wakapewa likizo ndefu.

Aliyewazidi wote alikuwa Jenerali Kitandu. Huyu alianza vita akiwa Mlimani, kisha akahamia Bondeni na kupigana kwa bidii ile ile. Watu wasiojua siasa walimwita kigeugeu. Rais aliona mbali zaidi. Katika nchi nzima, alisema, hakuna mwingine aliyewaua watu wa pande zote mbili bila upendeleo. Akamteua Waziri wa Utani, Maridhiano na Ujenzi Mpya.

*

Huko Mlimani aliishi mfyatua tofali aitwaye Bi Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono minene, na biashara yake ilikuwa imechangamka, maana nchi ilikuwa inajengwa upya na kila aliyebomoa alihitaji tofali. Alikuwa na mtoto mmoja, Nasibu, fundi baiskeli. Mwaka wa mwisho wa vita lilikuja lori la jeshi, likamchukua Nasibu kibandani kwake mchana kweupe. Bi Sikudhani alipofika alikuta baiskeli ya mteja imelala chali, spana zote zipo zimepangwa kwenye gunia, pampu tu haipo.

Kwamba mwanawe amekufa alishalikubali. Alilia peke yake katikati ya tofali mbichi mpaka machozi yakakauka, akaosha uso, akarudi kazini. Kitu alichotaka sasa kilikuwa kimoja. Alitaka kuonyeshwa mahali Nasibu alipolala, amchukue, amzike karibu na baba yake, awe na pa kupalilia siku za sikukuu. Alikuwa ameuliza kambini, akaambiwa aende wizarani. Wizarani wakamwambia swali lake ni zuri sana na wakampa fulana yenye picha ya njiwa.

Basi siku moja Afisa Utani wa Wilaya, Bwana Makoti, akafika kiwandani kwake akirukaruka ili asikanyage udongo.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Karibu, uangalie hiyo mistari, bado haijakauka."

"Mama, nimekuja na heri. Jina lako limepita! Taifa zima litafanya Maziko ya Mfano, na mtoto atakayezikwa ni wako. Rais mwenyewe atakuwepo."

Bi Sikudhani akaacha kibao cha tofali kidondoke. "Mmempata? Mmempata Nasibu?"

"Tumepata jeneza," alisema Bwana Makoti. "Zuri sana, la mninga. Litajazwa Udongo wa Umoja, nusu wa Mlimani, nusu wa Bondeni. Na mtani wako wa siku hiyo atakuwa Jenerali Kitandu. Hebu fikiria, mama! Waziri mzima aje amtanie mtoto wa mfyatua tofali!"

"Udongo ninao hapa tele, baba. Mimi namtaka mwanangu."

Bwana Makoti akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, nakwambia kama mtoto wako. Baada ya mtani kutania na mfiwa kucheka, shauri linafungwa. Hakuna kuuliza tena yuko wapi, hakuna kuzunguka maofisini. Utapumzika. Na ukikataa wataandika kwamba huna utani. Wasio na utani wanapelekwa Chuo cha Kucheka, na hicho unakijua."

Alikijua. Jirani yake, fundi cherehani Mzee Kandidi, alipelekwa huko kwa kosa la kutocheka yule kamanda alipotania kuhusu ghala. Alirudi akiwa mnene kidogo na akiwa anacheka. Alicheka akila na alicheka amelala. Mkewe alipofariki walimweka mbele ya mwili naye akacheka, machozi yakimtoka, akiwashika watu mikono kama anayeomba msaada. Chuo kilimtolea cheti cha daraja la kwanza.

"Nitakuja," alisema Bi Sikudhani.

"Na utacheka?"

"Kama kuna la kuchekesha."

"Lipo, mama. Hotuba nimeiona."

*

Kwa kuwa yalikuwa maziko ya serikali, mfiwa ilibidi afanye mazoezi. Wizara ikamtuma yule mtani wake wa kila siku aliyepangiwa tangu sheria ianze, mwanamke wa Bondeni aitwaye Bi Asteria, muuza samaki wa kukaanga. Kwa miezi mingi wawili hawa walikuwa wakikutana kila Ijumaa kama walivyoagizwa, wakasomeana utani wa kwenye kijitabu cha wizara, wakacheka wakitazama ukutani, kila mmoja akaenda zake.

Ijumaa hiyo Bi Asteria alifungua kijitabu, akasoma kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Ninyi watu wa Mlimani, kwa kuwa mnaishi juu, mnadhani mawingu ni kondoo wenu. Ha, ha, ha." Kisha akakifunga. "Huu ni upuuzi. Aliyeandika hajawahi kutukanwa na mtani maisha yake yote."

Bi Sikudhani akamtazama. Hakuwa ametarajia hayo.

"Bibi yangu alikuwa na mtani kutoka kwenu," Bi Asteria akaendelea. "Mzee mmoja, pua hii hapa. Alikuwa akifika anasema, we Kizee, bado hujafa tu, sanda nimeshauza! Bibi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Siku alipokufa kweli, yule mzee aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka anunuliwe. Baba akatoa mbuzi. Akakataa, akataka mbuzi mwenye ndevu. Watu wakacheka palepale makaburini. Ndiyo nikajua bibi kafa, na ndiyo nikajua kwamba nitaishi."

"Na kwetu ilikuwa hivyo," alisema Bi Sikudhani. "Na pua ya huyo mzee naijua. Wote wa ukoo ule wanazo. Ila ninyi wa Bondeni kwa kula samaki na kichwa chake, hamna haki ya kusema pua ya mtu."

"Heri kichwa cha samaki. Ninyi mnakula panya mnawaita nyama ya sherehe."

"Panya wetu ananona. Samaki wako juzi nilimtafuna nikadhani nimetafuna kandambili."

Bi Asteria akacheka. Kilikuwa kicheko kilichotoka tumboni bila bendera, kikamshtua hata mwenyewe. Bi Sikudhani naye akacheka, halafu wote wawili wakanyamaza na kutazama mlangoni, maana kicheko cha nje ya ratiba kilihitaji kibali.

"Mtani," akasema Bi Asteria baada ya muda, "na mimi nina binti. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Kitandu alipita kwetu akiwa bado anapigana upande wenu."

"Umewahi kuuliza yuko wapi?"

"Nilipewa fulana."

Wakakaa pamoja mpaka chai ikapoa. Huzuni ya mmoja ilikuwa inaijua huzuni ya mwenzake, na wala haikuhitaji kutambulishwa. Kama wale wakubwa wangekuwepo pale wangeona walichokuwa wakikitafuta muda wote ule, lakini wao walikuwa bado hotelini.

*

Siku ya Maziko ya Mfano uwanja ulijaa tangu asubuhi, kwa sababu maduka yote yalifungwa na barabara zote zilielekezwa huko. Rais aliketi kwenye kiti kipya kinachozunguka, hivi kwamba hakumgeuzia mgongo mtu yeyote kwa muda mrefu. Kikosi cha Wachekaji wa Taifa kilipangwa kwa sauti, wenye kicheko kizito nyuma, wenye kicheko chembamba mbele. Askari walikuwa kila mahali, bunduki begani na tabasamu usoni kama waraka ulivyoagiza.

Kaburi lilichimbwa na mkandarasi. Mkataba wake ulisema atalipwa kwa kina, kwa hiyo alichimba mpaka wafanyakazi wake wakaanza kuomba taa. Pembeni yake palikuwa na chungu kubwa ya Udongo wa Umoja, mfinyanzi wa Mlimani uliokandwa na tope la Bondeni, ukamwagiwa maji ili ung'ae kwenye picha. Bi Sikudhani aliuangalia kwa jicho la kazi yake akaona ni udongo mzito, wa kukausha siku nyingi.

Jenerali Kitandu alipanda jukwaani na nishani za pande zote mbili, za Bondeni kushoto na za Mlimani kulia.

"Mheshimiwa Rais! Watani zangu! Tumekutana kumzika Nasibu, kijana mwoga kuliko wote niliowahi kuwakamata!"

Bendera ikapanda. Uwanja ukacheka.

"Tulipomchukua alikumbatia pampu ya baiskeli! Pampu! Akasema, afande, ni ya kuazima, niruhusuni niirudishe. Nikamwambia, wewe, huko uendako hakuna matairi!"

Uwanja ukacheka tena. Bi Sikudhani alifungua mdomo akatoa sauti ya kicheko, kwa sababu Bwana Makoti alikuwa amesimama mbele yake akimtazama meno. Lakini habari ya pampu hakuwahi kumwambia mtu. Basi mtu huyu alikuwepo. Anamkumbuka Nasibu, anakumbuka hata alichosema. Anajua. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile liondoke alikuwa mbele ya mtu anayejua, na baada ya muda mfupi shauri lingefungwa na asingeruhusiwa kumuuliza.

Jenerali akamaliza hotuba, akashuka, akatangaza kwamba sasa ataingia kaburini kama walivyofanya mababu. Watu wakapiga makofi. Akateremka kwa ngazi, akaagiza ngazi iondolewe isije ikaonekana ana mpango wa kutoka, akalala chali, mikono kifuani.

"Sitoki!" sauti yake ikapanda kutoka chini. "Sitoki mpaka ninunuliwe! Mfiwa na aje!"

Bwana Makoti akampa Bi Sikudhani bahasha ya wizara aitupe kaburini. Bi Sikudhani akaiweka chini taratibu. Akaenda kwenye chungu ya udongo akachomoa beleshi.

"Mtani wangu," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "sina cha kukununulia. Mimi ni mfyatua tofali tu. Lakini naona umelala bila shuka. Ngoja nikufunike, usije ukapata baridi."

Akatupa beleshi la kwanza. Lilitua tumboni kwa Jenerali kwa kishindo.

Uwanja ulicheka kabla ya bendera. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko cha kweli kusikika mahali pale, na Rais mwenyewe alijipiga paja. Jenerali naye alicheka chini huko. "Mnamwona mtani wangu! Anajua kazi!"

"Nasibu yuko wapi?" akauliza Bi Sikudhani.

"Yuko anajaza upepo mbinguni!"

Beleshi la pili, la tatu. Alikuwa na mikono ya kufyatua tofali kutwa nzima na hakuwa na haraka. "Mtani, nimekuuliza. Ulimweka wapi mwanangu?"

"Nilimkalia nikamsahau! Ha! Mama, punguza, unanichafulia nishani."

Watu wakacheka. Likashuka jingine, na jingine. Udongo ule mbichi ulimshika miguu, Jenerali akajaribu kukaa, akateleza akarudi chali. "Basi inatosha!" alipaza sauti. Uwanja ukacheka zaidi, maana kila mtu anajua mtani akisema inatosha ndipo utani umenoga. "Nasema inatosha! Leteni ngazi! Askari!"

Askari wakamtazama mkubwa wao, mkubwa wao akamtazama Bwana Makoti, na Bwana Makoti akaifikiria sheria. Kuingilia utani unaoendelea ni kosa la jinai. Kama kuna kifungu kinachosema utani unaishia wapi, yeye hakufundishwa. Akainua bendera.

Bi Sikudhani alipiga magoti ukingoni. Alishusha sauti, akawa haulizi tena kwa ajili ya uwanja.

"Baba, niambie tu. Chini ya mti gani, kando ya mto gani. Niambie nikachukue mifupa yangu, nami nakutoa sasa hivi. Nitakushushia ngazi kwa mikono yangu."

Jenerali alimtazama. Udongo ulikuwa umemfika kifuani, na uso wake ulikuwa umebaki wa mtu wa kawaida tu, mwenye hofu.

"Sikumbuki," alisema.

Bi Sikudhani akangoja. Alizoea kwamba baada ya neno la mtu huyu linafuata la kuchekesha.

"Wallahi sikumbuki, mama. Pampu naikumbuka. Mahali sikumbuki. Walikuwa wengi, na mashimo yalikuwa mengi. Ningekuwa najua ningekwambia. Nitoe."

Hapo Bi Sikudhani alielewa kwamba miaka yote ile hakuna aliyemficha jibu. Jibu halikuwepo kwa mtu yeyote duniani. Beleshi likamwia zito, akasimama nalo akiwa hajui alipeleke wapi. Alitaka kuita ngazi. Nakwambia kweli kwamba alitaka, maana alikuwa ameahidi. Alifungua mdomo aiite, lakini uwanja mzima ulikuwa unacheka na hakujisikia hata mwenyewe.

Mkono ukamshika bega. Alikuwa Bi Asteria, ametoka kwenye viti vya Bondeni. Hakuwa anacheka.

"Nipe, mtani," alisema. "Na mimi nina swali langu."

Bi Sikudhani akatazama nyuma yake. Watu walikuwa wameacha viti. Walikuja kutoka Bondeni na kutoka Mlimani, wanawake wengi, wazee, mtu mmoja wa magongo, wakajipanga mstari mmoja bila kuulizana nani anatoka wapi. Waandishi wa habari waliupiga picha mstari ule, na zilikuwa picha nzuri. Rais alisimama akapiga makofi, akamwambia msaidizi wake kwamba huu ndio umoja aliokuwa akiuota.

Bi Sikudhani aliachia beleshi. Akatembea mpaka nje ya uwanja bila kugeuka, akafika kiwandani kwake, akakaa kati ya tofali mbichi. Hata huko alikisikia kicheko, kikipanda na kushuka kwa bendera, zamu baada ya zamu. Kutwa nzima alisikiliza ili ajue sauti ya kule chini kaburini itanyamaza saa ngapi, na hakuweza kujua.